Projekta ya kuangalizia filamu nyumbani, nina laki nne na nusu: ninunue ipi nisipoteze hela tena?

MamaMawese (Ujiji)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Ujiji, nauza mawese soko la Mwanga. Naomba ushauri wa projekta ya kuangalizia filamu nyumbani, na atakayenijibu anijibu kama anavyomjibu dada yake, maana mimi nimeshaungua mara moja.

Mwaka jana niliona tangazo mtandaoni. Projekta ndogo nyeupe, boksi limeandikwa lumeni 9,000 (kipimo cha mwanga), limeandikwa 4K (picha kali kabisa), na picha ya tangazo inaonyesha ukuta mzima unang'aa mchana kweupe. Nikatuma 180,000 kwa simu, mzigo ukapandishwa basi, siku ya tatu nikaupokea stendi. Usiku ule tukabandika shuka jeupe ukutani, watoto wamekaa mkekani, nikawasha. Nuru ilikuwa kama ya kibatari kinachoishiwa mafuta. Ukisogea karibu unaona vijimraba kama macho ya wavu wa dagaa. Katikati picha imetulia lakini pembeni maandishi yamevimba, ukirekebisha kona hii ile nyingine inaharibika. Tukavumilia. Mwezi wa tano tangu niipokee likatokea doa la kijivu upande wa kulia juu, kama tone la chai, na kila muigizaji akisimama pale anapata doa usoni. Baada ya hapo ikazima, haijawaka tena. Aliyeniuzia hapokei simu hadi leo.

Kinachonirudisha ni mama yangu. Ana miaka 74, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji. Tivii yetu ni ya inchi 24. Anasogeza kigoda mpaka magoti yanagusa meza, watoto wanalalamika bibi amewaziba, anarudi nyuma, anabaki anasikiliza tu. Lakini ile mashine mbovu, kwa miezi yake mitano, ilimfanya aone sura za watu akiwa amekaa mahali pake. Ndipo akatusimulia kwamba alipokuwa msichana hapahapa Ujiji lilikuwa linakuja gari la sinema, wanatundika kitambaa cheupe uwanjani, watu wanakaa chini pande zote mbili, na waliokaa nyuma ya kitambaa wanaona maandishi yamegeuka. Tangu mashine ife hajaniuliza lolote. Ila jioni akishanawa mikono, macho yake yanakwenda kwenye ule ukuta kabla ya kwenda kwenye tivii.

Hali yangu ni hii. Sebule ni futi 12 kwa 14, dirisha moja linatazama magharibi, pazia jepesi. Uani kuna ukuta uliopigwa plasta, haujapakwa rangi. Tunaangalia filamu za Kibongo na zile zilizotafsiriwa, zote kwenye flashi, na mpira kwenye king'amuzi. Sabufa ninayo. Nina sola ndogo yenye betri ya Ah 100 na inveta, kwa ajili ya umeme ukikatika. Tarehe 15 napokea mchezo (upatu) wa sokoni, na laki nne na nusu ndiyo mwisho wangu, sina nyongeza.

Je, lumeni ngapi zinatosha? Ninunue mpya au mtumba wa ofisini? Nina mpwa wangu Dar anayeweza kwenda Kariakoo kunichukulia, lakini naye hajui aangalie nini.

Kijana_Bangwe

Mama, kwa hela hiyo chukua tivii ya inchi 43 upumzike. Inaonekana mchana, inaonekana usiku, haina feni, haina shuka. Projekta za bei hiyo ni za kujaribu bahati.

Fundi_Isevya (Tabora)

Dada, pole sana. Hiyo mashine uliyoieleza nimeifungua mezani kwangu hapa Isevya mara nyingi. Nakueleza kilichomo ndani, maana ukishakijua boksi halitakudanganya tena.

Ndani kuna taa moja ya LED, mbele yake kioo kimoja cha LCD kama cha simu, halafu lenzi. Basi. Mwanga mweupe ukitoka kwenye taa unakutana kwanza na kichujio kinachopitisha nusu tu. Nusu hiyo inafika kwenye vichujio vya rangi, nyekundu, kijani na buluu. Kila kimoja kinapitisha rangi yake na kuzuia zile mbili, kwa hiyo theluthi mbili ya kilichobaki nayo imekwenda. Kingo za pikseli, vile vitone vinavyounda picha, zinakula, lenzi inakula. Kinachofika ukutani ni kidogo mno, na kilichozuiwa chote kinageuka joto humo ndani. Ndiyo maana feni inavuma vile.

Sasa itafute ile chaja ya mashine yako ya zamani uisome mgongoni. Nadhani utakuta wati 50 au 60. LED nzuri inatoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati, na hapo haijapita kwenye kichujio chochote. Wati 50 haziwezi kuzaa lumeni 9,000 hata kama mwanga wote ungefika ukutani bila kupungua. Mashine za namna ile, zikipimwa sawasawa, nyingi ziko kwenye 100 au 200. Namba ya kwenye boksi imewekwa ili uinunue.

Namba ya kuulizia ni ANSI lumeni, au ISO lumeni. Hiyo wanapima mwanga uliofika kwenye skrini yenyewe, sehemu tisa za picha, wanachukua wastani. Muuzaji akikwambia "lumeni elfu tisa", muulize "ANSI ngapi?" Akianza kuzungukazunguka, shika njia.

Zinatosha ngapi? Majumba ya sinema hulenga mwangaza wa niti 48 hivi (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), gizani. Kwa ukuta mweupe usiong'aa, picha ya inchi 100 kona hadi kona (upana sentimita 221, kimo 125) inataka kama lumeni 415 ifike hapo. Inchi 80 inataka kama 265. Inchi 70, yaani sentimita 155 kwa 87, inatosheka na 200. Umeona? Mwanga ni uleule, ukiutandaza sana unapauka, ukiukusanya unakolea. Watu wengi wananunua projekta wanaijaza ukuta mzima kwa sababu inaweza, halafu wanalia haina nuru. Wewe usiende zaidi ya 80. Na usidhani 70 ni ndogo: eneo lake ni zaidi ya mara nane ya hiyo tivii yako ya 24. Kwa jicho la mama hiyo ndiyo hesabu ya maana.

Jambo la pili ambalo watu hawalielewi: projekta haina rangi nyeusi. Haiwezi kumwaga giza. Nyeusi utakayoiona kwenye filamu ni ukuta wako ulivyo pale mwanga usipofika. Sebule ikiwa na mwangaza wa dirisha, nywele za muigizaji zinakuwa za kijivu hata ukinunua mashine ya milioni tatu. Kwa hiyo ule upande wa magharibi ushonee pazia zito lenye bitana, ni hela chache na utaona faida yake kuliko kuongeza laki moja kwenye projekta. Na uani msianze mapema. Kigoma jua linazama kama dakika 40 baada ya Dar, saa ya ukutani ikiwa ileile. Kabla ya saa mbili kasoro usiku mbingu bado ina mwanga unaoipausha picha.

Vile vijimraba vya wavu vilitokana na rezolusheni ndogo, yaani pikseli chache. Bila shaka ilikuwa 800 kwa 480. "4K" maana yake ni kwamba inaweza kupokea filamu ya 4K halafu inaibana iingie kwenye hicho kioo chake kidogo. Neno la kuuliza ni rezolusheni asilia, wala siyo "inasapoti". Asilia 1280 kwa 720 inavumilika kwa inchi 70. Asilia 1920 kwa 1080 ndiyo ninayotaka upate, kwa sababu mama atasogea karibu akitaka, na vijimraba hataviona.

Na lile doa ni vumbi. Mashine za bei rahisi zina njia ya hewa inayopita katikati ya taa na kioo, feni inavuta hewa na udongo wetu mwekundu wa kiangazi pamoja nayo. Chembe moja ikitua kwenye kioo inakuzwa na lenzi mpaka inakuwa kama tone la chai, umesema vizuri sana. Tafuta iliyozibwa, ambayo kioo na lenzi viko ndani ya kasha lisilopitisha vumbi.

Mpwa wako akifika dukani afanye hivi, na asione haya. Aende na flashi yake yenye picha moja tu: ukurasa mweupe uliojaa maandishi madogo meusi. Awashe mashine mita mbili kutoka ukutani, asogeze fokasi mpaka katikati pasomeke, halafu asome kona zote nne. Kona zikivimba, lenzi ni mbovu na hakuna fundi wa kuitengeneza, hata mimi. Kisha aweke ukurasa mweupe mtupu atafute madoa. Kisha mweusi mtupu, aangalie kama kona moja inavuja mwanga. Aiache iwake nusu saa akiwa amekaa palepale, asikilize feni, aguse kasha. Asome wati kwenye chaja. Mwenye duka akikataa mashine isiwashwe, mpwa asipoteze muda wake hapo.

Ile njia ya kunyoosha picha kwa rimoti, wanayoiita kistoni, usiitegemee. Inanyoosha kwa kukata pikseli, unapoteza ulichokilipia. Iweke projekta inyooke yenyewe mbele ya ukuta, kimo kinacholingana na picha.

Kijana wa Bangwe hajakosea kwa mtu wa kuangalia mchana. Kwa usiku, na kwa huyo mama, mimi nabaki na projekta.

Mwalimu_Kasulu

Namheshimu Fundi ila kwenye mtumba wa ofisini nina neno. Nyumbani ninayo Epson ya 3LCD niliyoinunua mtumba kwa 400,000, huu mwaka wa tatu. Ina vioo vitatu, kila rangi na kioo chake, mwanga unagawanywa badala ya kuchujwa na kutupwa. Lumeni zaidi ya 3,000, na ni za kweli. Mechi ya saa kumi jioni nafunga pazia tu, namba za mgongoni zinasomeka. Hakuna LED ya laki nne itakayokupa hivyo.

Ukiamua njia hii, soma herufi kwenye jina. Za familia ya EB, S ni 800 kwa 600, X ni 1024 kwa 768, W ni 1280 kwa 800. S na X ni za umbo la 4 kwa 3, filamu pana haitumii kioo chote: kwenye S unabaki na mistari 450 kati ya 600. Kwa filamu tafuta W. Ingia kwenye menyu usome saa za taa, lakini usiziamini peke yake kwa sababu zinaweza kurudishwa sifuri. Weka ukurasa mweupe: ukiona wingu la njano au buluu upande mmoja, vichujio vya ndani vimeungua, iache.

Fundi_Isevya (Tabora)

Mwalimu, kwa mwanga umeshinda, sibishani. Tatizo ni betri ya dada.

Ah 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1,200. Betri ya asidi ukitaka idumu unatumia nusu, 600, na inveta inakula sehemu yake, tuseme unabaki na 500. Projekta ya taa kama yako inavuta wati 280 hivi, weka sabufa na king'amuzi wati 55: saa moja na nusu kwisha, filamu iko katikati. LED ya wati 75 na vifaa vilevile ni 130: karibu saa nne.

La pili, hiyo taa ni ya mvuke wa zebaki, inawaka kwa joto kali sana. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto. Baadhi ya modeli zimetengenezwa kuhimili kuzimwa hivyo, lakini ikitokea kila wiki uhai wake unafupika, na taa halisi ikifa bei yake inakaribia kumnunulia dada mashine nyingine. LED ikizimika inapoa yenyewe, na inahesabiwa saa 20,000 na kuendelea. Kila jioni saa tatu, hiyo ni zaidi ya miaka 15.

Mwalimu_Kasulu

Hapo kwenye betri nimekuelewa. Sikuisoma vizuri sehemu ya sola.

BandaLaGungu

Nimeendesha kibanda umiza hapa Gungu miaka sita, kwa hiyo mimi naongelea ukuta na sauti.

Shuka la kitanda linavujisha. Simama nyuma yake wakati picha inawaka, utaona filamu nzima iko huko nyuma. Huo ni mwanga uliolipia unaomwangalizia ukuta. Ukibaki na shuka, lishonee kitambaa cheusi mgongoni na ulivute kamba pande zote nne, maana kunyanzi moja likikaa kwenye uso wa mtu linamzeesha. Lakini bora kuliko shuka ni ukuta wenyewe. Piga msasa, paka rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Usipake ya mafuta: inang'aa, utaona duara la mwanga katikati kama mtu amekumulika tochi. Zungushia mpaka mweusi wa upana wa vidole vinne kwa rangi au kitambaa. Mpaka ule unaificha kingo iliyopinda, na jicho linaiona picha imekolea zaidi ya ilivyo.

Giza nalo ni kazi. Banda langu lilikuwa la mabati yaliyotumika, yana tundu za misumari ya zamani. Saa tisa mchana kila tundu lilirusha kijiduara cha jua kwenye kitambaa, vinatembea polepole na jua, vinapita juu ya mpira, juu ya golikipa. Nilikaa juu ya ngazi siku mbili naziba tundu moja moja kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nilihesabu 143. Baada ya hapo wateja waliniuliza kama nimenunua mashine mpya.

Sauti: usitumie bluetooth kupeleka kwenye sabufa. Inachelewa, mdomo unafunga ndipo neno linatoka. Nunua waya wa pini ndogo mita tano, chomeka projekta moja kwa moja kwenye sabufa. Na sabufa iweke chini ya picha, isiwe karibu na projekta, ili sauti itoke kwa mtu anayeongea.

Mvua za kwanza jihadhari na kumbikumbi. Uani wanafuata ule mwanga, wanatua kwenye lenzi, ukutani anatokea mdudu mkubwa kama mbuzi. Watoto wanafurahi sana, lakini mabawa yakivutwa na feni yanaziba matundu ya hewa. Weka taa nyingine ya kawaida mbali kidogo, iwashe robo saa kabla, waende kule.

Mwisho, kama siku moja utafikiria kuwatoza majirani hata shilingi mia mbili, ujue hapo umeshafungua ukumbi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali, na kuna hakimiliki za wenye filamu. Familia na wageni wako hawana shida.

MamaMawese (Ujiji)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilisema nitaleta majibu.

Kwanza nilimtafutia Fundi ile chaja ya zamani. Imeandikwa volti 12, ampea 4. Wati 48.

Mpwa wangu alikwenda Kariakoo na flashi yenye ukurasa wa maandishi. Alichukua ukurasa wa kitabu chake cha chuo. Duka la kwanza walikataa kuwasha, wakasema boksi likifunguliwa limeuzwa, akatoka. La pili waliwasha, katikati pakasomeka vizuri, akaenda kona ya chini kushoto akanipigia kwa video: herufi zilikuwa kama zimemwagiwa maji. La tatu kulikuwa na mzee mmoja aliyesikia neno "ANSI" akacheka, akaingia stoo akatoka na nyingine, akasema "hii siipangi mbele kwa sababu namba yake ni ndogo, watu hawaitaki". Boksi limeandikwa ANSI 350, asilia 1920 kwa 1080, imezibwa. Chaja wati 80. Mpwa akakaa nayo saa nzima, mzee akamletea chai. Walianzia 430,000, wakaishia 385,000 na risiti ya EFD na dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Nauli ya basi 15,000. Hamsini iliyobaki nikanunua rangi ya maji, waya wa mita tano, na bitana ya pazia.

Kaka wa Gungu, ukuta niliupiga msasa mwenyewe. Mpaka mweusi nimekata kwenye kanga iliyochakaa.

Nimeiweka mita mbili kasoro kutoka ukutani, juu ya ubao uliolala kwenye madumu mawili ya mawese, matupu nimeyajaza maji yasitikisike. Kimo kimelingana na picha, kistoni sijaigusa. Picha ni inchi 70, nimepima kwa futi kamba ya fundi cherehani, 155 kwa 87 kamili.

Usiku wa kwanza tulianza saa mbili na nusu. Mama alikaa kwenye kigoda chake, mahali pake, karibu na mlango wa chumba. Nilikuwa namtazama yeye, filamu sikuiangalia. Kwa dakika kumi hakusema kitu. Halafu akauliza, "Huyu binti hereni zake za dhahabu au ni shanga?" Filamu ile tumeiangalia kwenye tivii labda mara nne, na mimi mwenyewe sikuwahi kujua yule binti ana hereni. Mwanangu wa pili akasogea ukutani, akarudi akamwambia, "Shanga bibi, za kijani." Mama akasema, "Nimeziona."

Saa tatu na dakika kumi umeme ukakatika. Tulihamia kwenye betri, tukaanza tulipoishia, tukamaliza saa nne na nusu na taa ya inveta bado ya kijani.

Nina swali moja. Filamu mbili kwenye flashi zinaonyesha picha lakini hazitoi sauti, na kwenye tivii zinatoa. Mashine ina tatizo?

Fundi_Isevya (Tabora)

Dada, umefanya vizuri kuliko mafundi wengine ninaowajua. Na yule mzee ukipata namna umfikishie salamu zangu.

Mashine ni nzima. Hizo filamu sauti yake imefungwa kwa mfumo wa Dolby, na watengenezaji wengi wa projekta za bei ya chini hawalipii leseni yake, kwa hiyo inakaa kimya. Mwambie anayekuwekea filamu akubadilishie sauti iwe AAC (mfumo mwingine wa sauti), picha aiache kama ilivyo, ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Au chomeka flashi kwenye king'amuzi kama kinacheza video, sauti itoke huko. Na ukiletewa faili kubwa kuliko GB 4 flashi ikaikataa, flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio usiopokea faili kubwa hivyo. Aifomati NTFS, kisha ujaribu kama projekta inaisoma.

Kila mwezi mmoja kiangazi, izime, chukua brashi laini ya rangi iliyo kavu, futa vumbi kwenye matundu ya hewa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

BandaLaGungu

Hongera mama. Lile shuka la zamani usilitupe, uani linafaa. Ila kumbuka kitambaa cheusi nyuma.

MamaMawese (Ujiji)

Asanteni sana wote, sauti imerudi kwenye filamu zote mbili.

Shuka tunalitundika Jumamosi uani, kamba ya juu inatoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya jiko. Kitambaa cheusi hatutaweka usiku huo. Mama ameomba akae upande wa nyuma kwanza.